Uso wa Papa Michel

Yule mtoto shujaa katika vitabu vya Mama Élise ni mimi, Franck. Anayebisha aje mtaani kwetu Kikula aulize.

Niliuliza mwenyewe, mbele ya watoto wa avenue yetu. Yannick mdogo akafungua kitabu, akayaangalia masikio yangu, akaangalia ukurasa. "Bongo," akasema, yaani uongo. "Weye njo ile mbuzi." Mama Élise, shangazi yangu, aliyekiandika na kukichora, hakukana. "Masikio yako ilinisaidia sana, mwana."

Cheka, lakini ndivyo alivyofanya kazi. Picha ikiisha, aliziba maneno kwa kiganja na kumwuliza mtoto: "Huyu ni nani?" Mtoto akijibu palepale, picha imepita. Akisita, inapasuliwa. Niliona chui mzuri ajabu akipasuliwa kwa sababu Yannick alimwita paka.

Ni baba wa kwenye hadithi tu ambaye watoto hawakuwahi kuulizwa ni nani. Katika kila kitabu anaonekana mgongo, akitoka mlangoni na kofia ya kazi. Ni Papa Michel, marehemu mume wa Mama Élise, aliyevunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe. Alikuwa akitoka watoto wake wangali wamelala, hadi malaria ilipomchukua. "Siku moja nitamurudisha ku nyumba," Mama Élise alizoea kusema, "na uso yake."

Mwaka huu akaanza kumrudisha. Ila macho yake yalikuwa yanazimika, na daktari alishasema hayatapona. Alichora ameinama mpaka pua ikapata wino.

"Tantine, unachora ao unanusa?" nikamtania.

Akacheka. Wiki iliyofuata hakucheka, nami nikaacha.

Asubuhi moja akanipa ukurasa wa mwisho. Gari la kuupeleka Lubumbashi, kwa mchapaji, lilikuwa linangoja nje. Watoto walikuwa shuleni.

"Franck, weye ulimujua. Ni yeye? Kama hapana, napasula. Ingine sitaweza tena."

Nikaangalia. Mabega yalikuwa yake kabisa, na lile vumbi jeupe la mawe. Lakini uso ulikuwa mtupu kama sahani. Macho mawili, mapole kama yalivyokuwa, alikuwa ameyachora pembeni, kwenye mbao za mlango.

Nikamrudishia ukurasa. Kisha nikasema, "Ni yeye, Tantine. Yeye kabisa. Anakuangalia."

Akashusha pumzi. Akaipapasa karatasi taratibu, kama anayempangusa mtu vumbi.

"Ya Franck, minye pia nione!"

Plamedie, binti wa jirani, anayeniita Ya kama kaka yake, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Kikohozi kilikuwa kimemzuia kwenda shule.

"Bado kidogo, uko na kikohozi," nikamwambia.

"Anaona na kikohozi?" Mama Élise akauliza. "Mulete. Yeye njo wa kujibu."

Akanyoosha kiganja kuziba maneno, kikafunika kofia. "Huyu ni nani?"

"Papa," Plamedie akajibu palepale. Nikaanza kupumua. "Lakini haangalie mutu. Macho yake iko ku mulango."

Mama Élise akaivuta karatasi. Hakuipasua. Akaiweka mapajani, akaifunika kwa mikono yote miwili.

"Ambia chauffeur aende," akasema.

Nikasimama. Plamedie hakunipisha.

"Ya Franck," akasema, "juu ya nini ulimuambia bongo?"