Siku Ndindi Alipopakwa Mafuta

Mwaka 1975 hospitali ilimrudisha Ndindi nyumbani, mtaa wa Jericho, Nairobi, miguu imevimba na moyo umechoka. Daktari alisema apumzike. Apumzike mpaka lini, hakusema. Mumewe, Nyamai, alikuwa seremala Gikomba. Kila asubuhi alimwogesha mkewe, akampikia uji, akamwachia jirani yao Teresiah, kisha akashuka kwa miguu kwenda kuranda mbao za watu. Jioni alirudi akafua mashuka. Ilikuwa hivyo miezi minne, na alikuwa amechoka kiasi kwamba akisalimiwa njiani alisahau kuitikia.

Jumatano moja alimkuta Teresiah akimngoja mlangoni.

"Fundi, nimeongea na Padre Kinyanjui. Kesho saa kumi atakuja kumpaka Mama Mwende mafuta."

Nyamai aliweka mfuko wa vyombo chini. "Nani amesema mke wangu anakufa?"

"Hakuna aliyesema anakufa."

"Basi mafuta ya nini?"

Kwake mafuta ya padre yalikuwa na maana moja. Baba yake, kule Kilungu, alipakwa asubuhi, na kabla jua halijatua watu walikuwa wanachimba kaburi. Hata kazini kwake neno lile halikumpa moyo. Kabati hurandwa, likaungwa, likapigwa msasa. Kupaka mafuta huja mwisho kabisa. Ukishapaka unanawa mikono, mwenyewe anakuja na mkokoteni, na kabati hulioni tena.

Alhamisi hakwenda Gikomba. Aliketi kwenye kigoda akaziba mlango. Padre alichelewa, alikuwa ametoka kuzika mtu huko Makadara, na kanzu yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi.

"Padre, nakuheshimu," Nyamai alisema bila kuinuka. "Lakini hapa hakuna maiti."

"Na mimi sikufuata maiti. Zamani tuliuita mpako wa mwisho, Fundi. Siku hizi ni mpako wa wagonjwa. Mtu anapakwa apate nguvu."

"Kupaka ni kupaka. Neno ni lile lile."

"Neno ni lile lile," Padre alikubali, akajikalia kwenye ngazi bila kukaribishwa, kwa sababu miguu ilimuuma.

Wakakaa hivyo, wanaume wawili waliochoka, kila mmoja akingoja mwenzake aondoke.

"Baba Mwende," Ndindi aliita kutoka ndani.

Nyamai akaingia. Mkewe alikuwa ameegemea mto, anahema.

"Mgonjwa hapa ni nani? Ni mimi ama ni wewe?"

"Ni wewe."

"Hiyo meza yetu umeipaka mafuta mara ngapi tangu tuoane?"

Nyamai akaitazama meza ya mvule kando ya kitanda, yenye vikombe vya dawa. "Sijui. Kila ikikauka."

"Na bado tunakula juu yake. Mimi nimekauka, Nyamai. Mwache aingie."

Nyamai akatoka, akaondoa kigoda mlangoni. Ndipo alipotambua kwamba miezi yote ile alikuwa amemwogesha, amemlisha, amemgeuza kitandani, wala hakuwahi kumwuliza anataka nini.

Padre akampaka Ndindi kwenye paji la uso, kisha kwenye viganja. Nyamai alisimama karibu akikifuata kidole gumba cha Padre kwa macho.

"Padre, mbona umetia kidogo hivyo?"

Padre akacheka. Ndindi naye akacheka, mpaka kikohozi kikamshika na Teresiah akamletea maji.

Hakupona. Miguu ilibaki imevimba. Lakini usiku ule alilala mpaka kukacha, na Nyamai akalala pia, akachelewa kazini. Krismasi Padre alikuja tena, akampaka, akanywa chai.

Mvua za Aprili zilipoanza, Ndindi aliacha kusema. Mchana mmoja Nyamai alimwacha na Teresiah, akakata matope peke yake hadi parokiani. Alimkuta Padre mezani, chakula ndio kwanza kimepakuliwa.

"Ni mafuta?" Padre aliuliza taratibu.

"Ndiyo, Padre."

"Mgonjwa yuko vipi?"

"Ameacha kusema," Nyamai alijibu. Padre akafunika sahani yake, akachukua mwavuli, wakatoka pamoja.