Panya wa Kizimba cha Sita

Kila saa, mpima mkojo aliinama chini ya vizimba ishirini na vinne, akasoma silinda za kukingia mkojo, akaandika. Mtaani walimwita hivyohivyo, Mpima Mkojo, naye alicheka nao. Kazi ni kazi. Panya nane walinyweshwa maji matupu, nane dawa ya hospitali ya kukojoza, nane maji ya majani ya mama yake.

Majani yalitoka uani kwa mama. Miaka mingi aliwachemshia majirani waliovimba miguu, mwisho akajichemshia mwenyewe. Profesa, mkuu wa maabara, aliposikia alikuja na wasaidizi wanne, wakakata kichaka chote, wakang'oa na mizizi.

"Vumilia kidogo, mama," alisema Profesa. "Tupime kwanza."

Miguu ya mama ikavimba mpaka viatu vikamkataa.

Siku ya kwanza ya vipimo, panya wa kizimba cha sita, wa kundi la maji matupu, alikunywa mililita tano, akakojoa tisini. Jioni mama alimpokea binti yake mlangoni, amevaa viatu.

"Nimepungua, mwanangu. Kuna mtu ananikojolea huko?"

"Yupo, mama. Wa sita."

"Mpe pole. Na maji umpe, usimbanie."

Siku tisa mama alitembea mpaka kwa jirani na kurudi. Siku ya kumi Profesa alifungua daftari, akakunja uso.

"Huyu wa sita ananiharibia wastani. Mfute. Na leo tunawamaliza wote, utaratibu ndio huo."

"Anamkojolea mama yangu, Profesa. Niachie nikaishi naye."

"Naelewa. Lakini waliingia ishirini na nne, na fomu inataka ishirini na nne."

Alimwomba mara tatu. Mara ya tatu Profesa alimtazama kwa huruma ya kweli, akampa kalamu asaini. Wa sita alikuwa wa mwisho. Binti alimshika yeye mwenyewe, akampa ile pole ya mama.

Ripoti ilithibitisha kwamba majani yanafanya kazi. Walishukuriwa wengi, hadi dereva, mama hakutajwa. Majani yaliyobaki yalifungiwa kabatini kungoja awamu ya pili. Mama hakuingoja. Alizikwa wiki ya tatu, na viatu vyake vikabaki mlangoni.

Binti aliporudi kazini, vizimba vyote vilikuwa vimeoshwa na kukaushwa. Cha sita, kitupu, kilikuwa kinadondosha matone. Aliweka silinda chini yake, akangoja saa iishe, akaandika.