Mama Mkwe na Blanketi la Chini ya Bembea

Mpima ardhi alirudi kutoka milimani amepinda kama msumari uliogongwa vibaya. Wiki mbili nzima alikuwa akilala msituni ndani ya bembea ya kitambaa iliyofungwa kati ya miti miwili, maana mteremko ule haukuwa na mahali tambarare pa kusimamisha hema. Juu alijifunika mablanketi mawili. Chini, upepo ulimpuliza mgongo kama mtu anayepoza chai. Na mwezi uliofuata alitakiwa kurudi kulekule kumalizia mipaka.

"Kuna blanketi linalofungwa chini ya bembea, kwa nje," alimwambia mkewe. "Ila yapo ya aina mbili, nami sijui lipi litanifaa."

Mkewe alikuwa nesi, na siku hiyo alikuwa anawahi zamu. "Nenda na mama," akasema, akachukua mkoba wake.

Mama mkwe wa mpima alishona magodoro kwa miaka thelathini. Kwa mambo ya kujaza na kushindilia hakuwa na mpinzani. Lakini tangu aoe, mwaka wa kumi na moja huo, mazungumzo yao hayajawahi kuvuka shikamoo na habari za watoto. Akimwona tu anakuja, hata miguu aliyoinyoosha huikunja.

Dukani, mwenye duka la vifaa vya kambi aliwatandazia mablanketi mawili juu ya meza.

"Hili ni la manyoya ya bata. Jepesi, ukilikunja linaingia kwenye kofia. Na hili ni la nyuzi za kiwandani. Zito kidogo."

Mama mkwe akayatazama kwa jicho la pembeni. "Yaani kitanda kinavalishwa koti kwa nje, na mwenye kulala anatetemeka ndani?"

Kisha akabonyeza moja kwa kidole gumba, akaachia, akabonyeza tena. Uso ukabadilika. "Aa! Kumbe! Ukilitandika ndani utalilalia, uzito wako ulibane liwe kama karatasi. Kilichobanwa hakishiki joto. Hili linaning'inia, halibanwi na mtu. Aliyebuni kitu hiki si mjinga."

"Umenimalizia maneno, mama," alisema mwenye duka. "Sasa kuyajaribu ni kwenye baridi. Jirani yangu hapa ana bucha, huniazima chumba chake cha barafu."

Wakaingia. Bembea ikatundikwa kwenye ndoano mbili, katikati ya mapaja ya ng'ombe, blanketi la manyoya likafungwa chini yake.

"Lala, baba," akasema mama mkwe.

Kulala chali mbele ya mama mkwe! Mpima akatazama dari, akatazama mlango. "Nitajaribu nyumbani, mama."

"Nyumbani kuna barafu? Haya, nageuka."

Akageukia ukuta. Mpima akakalia ukingo kwa tako moja, kwa adabu. Bembea haina habari na adabu: ikamzungusha na kumbwaga kifudifudi miguuni pa mama mkwe, kama mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Inuka," akasema yule mama. "Nitalala mwenyewe."

Akapanda kwa utaratibu, akajinyoosha, akasikilizia mgongo. "La manyoya linawahi kupasha. Nifungie la pili."

Mpima akabadilisha.

"Hapa kiunoni napulizwa! Vuta kamba. Usibakize mwanya. Ee, usivute sana, utalibana! Legeza. Hapo hapo."

Mpima akavuta, akalegeza, akazunguka huku na huko. Alipouliza "Na sasa, mama?" alijibiwa na mkoromo.

Ni wakati huohuo mwenye bucha alipomwingiza mteja aje achague nyama. Mteja akapita paja hadi paja, hakuridhika. Akafika kwenye bembea.

"Na hii kubwa iliyofungwa kwenye kitambaa, kilo ngapi?"

"Haikuhusu!" ikajibu bembea.

Mteja alitoka mbio, hakungoja bei wala nyama. Mwenye bucha alicheka mpaka akashikilia mlango.

Walipotoka nje, mama mkwe akajipangusa. "Huko msituni kuna mvua?"

"Kila siku, mama. Na ukungu."

"Basi manyoya yaache. Nimeyajaza kwenye mito, nayajua. Yakilowa yanajikusanya pembeni, unabaki na ganda tupu. Nyuzi unazikamua, na joto bado linakaa."

"Lakini zito, mama, na mbebaji ni mimi."

"Uzito utaulalamikia siku moja, njiani. Baridi utamlalamikia binti yangu mwaka mzima."

Wakalichukua la nyuzi. Mpima alipandisha nalo mlima akiguna kila hatua. Siku ya tatu mvua ilinyesha mpaka buti zikaelea, na blanketi likalowa upande mmoja. Akalikamua, akalifunga, akalala. Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshapanda, na mgongo wake ulikuwa na joto kama umeegemea jiko.

Akapanda hadi kwenye kilele kidogo penye mtandao, akapiga simu nyumbani kwa mama mkwe.

"Mama, nimelala kama mtoto!"

"Kamba za kiunoni ulizikaza?"

"Nilizikaza."

"Hukuzidisha?"

"Hapana, mama. Ila miguuni pana mwanya kidogo."

"Mwanya upande gani? Nieleze taratibu."

Wakaongea dakika ishirini, habari za mishono, vifungo, na upepo unavyopita. Binti, aliyekuwa amekuja kumsalimu mama yake, alisimama kando akinyoosha mkono.

"Mama, nipe basi na mimi nimsalimie mume wangu."

"Subiri kwanza," akasema mama, akamgeuzia mgongo. "Tunazungumza mambo ya kazi."