Shavu la Bwana Gichuru

Shuka ya themanini ilikuwa bado moto mikononi mwa Nanjala alipomwona mamake, aliyefariki miaka mitano nyuma, akipiga pasi kando yake.

"Hii ni ndoto," akajiambia, akatikisa kichwa. Mama akatoweka. Pale pale akasimama Zena, mwenzake wa kutoka Lamu, akimtazama kwa wasiwasi.

"Dada, unalala umesimama."

Ilikuwa siku ya tatu bila usingizi. Tangu wenzao wawili wafutwe kazi mwezi huo wa Januari, 1974, Nanjala alifanya zamu mbili mfululizo kwenye kiwanda cha Parklands kilichofua shuka za hospitali. Nyumbani Kangemi mtoto alikuwa akiota meno.

Saa ya chakula hakula. Alijilaza juu ya rundo la shuka, na kabla hajafumba macho vizuri, ndoto ikampokea. Pasi ilitoa mvuke lakini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Naota," akasema kwa furaha. "Basi nafanya nipendavyo."

Akaruka. Akapita juu ya mikaratusi ya mtaa wa Muthangari akicheka. Alipotaka kushoto, alikwenda kushoto. Kisha akarudi makusudi, akamwamuru msimamizi wao, Bwana Gichuru, apige pasi. Gichuru akapiga, huku akiimba.

"Nanjala! Amka!"

Gichuru alikuwa amemwinamia. Bado naota, akawaza.

"Wewe, nani amekwambia uache pasi? Na uniletee chai. Sukari vijiko vitatu."

Wanawake wote wakageuka kutazama.

"Unaongea na nani hivyo?"

"Na wewe. Ukileta maneno nakugeuza mbuzi." Akamvuta shavu.

Gichuru akapiga yowe. Shavu lilikuwa la kweli, lina jasho na ndevu za siku mbili. Nanjala akaliachilia. Zena akaangua kicheko, na kicheko kikaenea chumba kizima.

Hofu ilimjia Nanjala, lakini ilikuwa imechelewa; alikwisha kusema.

"Bwana Gichuru, nisamehe hilo shavu. Lakini siku tatu sijalala. Leo nitachoma shuka, kesho nitachoma mkono."

"Wanaotaka kazi wamejaa hapo kwa geti."

Zena akaisimamisha pasi yake wima. "Basi waite, Bwana. Wapatie na yangu."

Mwingine akafanya vivyo hivyo, kisha mwingine. Uani, gari la hospitali lilikuwa likipiga honi.

Gichuru akayatazama marundo. "Zamu moja," akasema chini chini. "Leo tu! Na barua ya onyo utapata."

Akaiandika hapo hapo. Nanjala akaitia sahihi bila kuisoma, akapiga miayo, akatoka.

Huko Kangemi, mumewe Isaiah, aliyekuwa akijitayarisha kwenda kazi yake ya ulinzi, alishtuka kumwona jua likiwa bado juu.

"Wamekufuta?"

"Bado."

"Sasa je?"

"Nishikie mtoto," akasema, akavua viatu huku akicheka, akalala.