Yahye kwa Umbali wa Futi Sita

Stima ilipotea mjini Isiolo kabla ya saa nne asubuhi, na kompyuta ya studio ikazimika ikiwa imeonyesha nusu ya uso wa mteja. Waithera aliwaomba radhi waliokuwa wakingojea picha za pasipoti, nao wakaenda zao. Aliyebaki ni Fahmo, mama mmoja wa mtaa wa Chechelesi, aliyetaka picha moja ya Idd.

"Ngoja nitoe ya marehemu, Mama Yahye," Waithera alisema. "Hiyo haijui mambo ya stima."

Kamera ya Gichuki, marehemu mume wake, ilikaa kabatini ndani ya kipande cha fulana. Ilikuwa ya chuma, nzito mkononi, na haikuwa na betri mahali popote. Mpiga picha hakutazama kupitia lenzi. Alitazama kupitia kidirisha kidogo cha pembeni, na katikati ya kidirisha palikuwa na kiraka cha rangi ya manjano ambamo kila kitu kilionekana mara mbili. Ukizungusha pete ya lenzi, picha ya pili hutembea polepole kuifuata ya kwanza. Zikilaliana sawasawa umepata umbali, na pete yenyewe inakuonyesha ni futi ngapi. Gichuki alikuwa akisema kwamba kamera nyingine zinakisia, hii inapima.

Waithera alifungua pazia ili mwanga wa barabarani uingie, akamketisha Fahmo kwenye kiti kimoja kati ya viwili, akatazama. Fahmo wa kwanza alikuwa mahali pake, ameshika mkoba. Yule wa pili, aliyepaswa kuwa Fahmo vilevile, alikuwa kijana mwenye kofia ya kufuma. Waithera akakipeleka kiraka hadi kwenye kiti kitupu na kuzungusha pete. Vijana wawili wakawa mmoja kwenye futi sita.

"Mama Yahye, sogea kushoto kidogo. Unamziba kijana."

Fahmo akasogea. "Ako upande gani?"

"Kulia, kwa hicho kiti ingine."

"Amekonda?"

"Kidogo tu."

Fahmo alifikiri. "Mwambie anyooshe kofia."

Waithera akamwambia, naye akainyoosha. Shata ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayefunga kibweta katika chumba cha pili. Waithera alivuta leva akapiga nyingine, isije ikawa mmoja wao alifumba macho.

Yahye alikuwa mwanawe Fahmo, na kazi yake ilikuwa kuendesha lori la mbuzi. Mwaka juzi, upande wa Ngaremara, wanaume waliokuwa ndani ya gari jeupe lisilo na namba walimsimamisha, wakasema wana maswali machache ya kumuuliza. Lori lilirudishwa siku ya pili. Mbuzi pia walirudishwa, na hakuna hata mmoja aliyepungua.

Waithera aliisafisha filamu mwenyewe katika chumba cha nyuma, kwa dawa alizoagiza Nairobi, kama Gichuki alivyomfundisha. Picha ilitoka safi. Fahmo alikuwa anatazama mbele kwa heshima, na kando yake Yahye ameketi, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imefungwa pamoja kwa kamba ya plastiki.

Fahmo alipokuja kuichukua, aliishika karibu na dirisha kwa muda mrefu.

"Hii kamba imemkata," alisema. Kisha akauliza kama angeweza kupata bahasha ngumu, picha isikunjike.

Ofisi ya watu waliopotea, alikoipeleka, ilikuwa imemwambia tangu mwanzo kwamba bila ushahidi hakuna la kufanya. Alikwenda na binti yake, Ikra, anayeuza vitambaa sokoni. Ofisa aliipokea picha kwa upole. Kidole gumba chake kilikuwa kinene, na kilikaa pale pale kwenye kamba.

"Hii ilipigwa lini, mama?"

"Jumatatu."

"Jumatatu hii imepita? Na huyu ndiye Yahye?"

"Ndiye."

"Basi tushukuru Mungu. Amepatikana."

"Amepatikana wapi?" Ikra aliuliza.

"Si huyu hapa, ameketi na mamake."

"Toa kidole uone mikono," Ikra alisema.

Ofisa alitoa kidole, akaona mikono, akakirudisha. Utaratibu ulitaka mtu aliyepatikana afike mwenyewe kutia sahihi. Kwa kuwa Yahye hakuwa amefika, ofisa alimtilia, akafunga faili na kuwapa wote wawili mkono wa pongezi.

Kutoka pale Ikra alienda moja kwa moja studio, mama yake akimfuata nyuma. Alikunywa maji mara mbili kabla ya kusema.

"Mama Njambi," alimwambia Waithera, "wacha tumuulize mwenyewe ako wapi."

Siku hiyo stima ilikuwepo. Waithera alijaribu kwanza kamera ya kisasa, na kiti cha kulia kikatoka kitupu. Akarudia ile ya chuma. Yahye alikuwa pale pale, futi sita. Filamu nyingine aliyokuwa ameitia ilikuwa imebakiza nafasi moja ya picha.

"Aulizwe na mama yake," Waithera alisema. "Mimi nitabonyeza akianza kujibu."

Fahmo alikigeukia kiti na kuuliza kwa Kisomali, kwa sauti anayotumia mtu akimwamsha mgonjwa. Ndani ya kiraka mdomo wa kijana ulifunguka. Kamera hunasa mwanga, sauti haina habari nayo. Waithera alikuwa ameweka shata ya kasi ili mdomo usitoke na ukungu, na akabonyeza.

Picha ilionyesha midomo imeviringika, katikati ya neno. Ikra aliitazama akasema ni Oldonyiro, kule kwa wafugaji. Fahmo akasema ni *hooyo*, yaani mama, jinsi Yahye alivyomwita tangu ajue kuongea.

Ikra alirudi ofisini kuomba gari na watu wa kuchimba. Ofisa alimsikiliza hadi mwisho, akamweleza kwamba mtu aliyepatikana hatafutwi. Kwa hiyo Ikra alienda mwenyewe, kwa lori la Waqo, mfanyabiashara wa ng'ombe. Oldonyiro ni kubwa. Aliwaonyesha wachungaji ule mdomo, kila mmoja akautazama kwa makini na kuelekeza upande wake. Bado huenda, biashara ya vitambaa ikilegea.

Waithera alikuwa ametoa nakala mbili za picha hiyo ya mdomo. Ya Ikra imeanza kufifia pembeni kwa kushikwashikwa. Ya Fahmo iko ukutani, karibu na mlango wa jikoni. Kila akipita mbele yake na sufuria au ndoo, huitika.