Kifo cha Mzee Ryoba Hakikupokelewa

Mtoto wa Felisian na Penina hakuwa analia kwa njaa. Alipewa titi, akalisukuma. Basi Shangazi Bhoke, dada yake marehemu baba wa Felisian, akaketi juu ya gunia la pamba pale mlangoni, akaanza kumtajia mtoto majina ya wafu wa ukoo, kama ifanywavyo kwa mtoto anayemlilia mzee wake. Akataja Nyamburi, mtoto akalia. Akataja Clementi, akalia zaidi. Akataja Ryoba. Mtoto akanyamaza, akashika titi, akanyonya.

"Ndo huyo," alisema Bhoke. "Anamtaka babu yake."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Ryoba alikuwa hajafanyiwa matanga, na jina la mtu ambaye hajaliliwa halitolewi. Mtoto atakua na msiba wa mwingine kifuani. Bhoke alikuwa amelitaja tu, hakulitoa. Mchana mtoto akaanza upya kulia, akakataa titi.

Matanga yalihitaji kibali. Hiki kilikuwa kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama meno ya kitana, na mkusanyiko wowote uliruhusiwa na Kwangu, balozi wa nyumba kumi. Kwangu hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu, na mwoga akipewa cheo ni balaa.

"Ndugu Felisian, nikuruhusu kulia kifo gani?" aliuliza. "Niletee cheti."

Felisian akapanda basi Bunda hadi Musoma. Ofisini alimkuta karani anaitwa Bernado, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Mzee alikufa lini?"

"Siku ya Operesheni. Walipokuja kutuhamisha wakachoma nyumba, alirudi ndani kuchukua kigoda cha baba yake. Paa likamwangukia. Tulimzika palepale, kando ya zizi, lori linatupigia honi."

Bernado akaweka kalamu chini. "Siku ile hakufa mtu, ndugu yangu. Taarifa ilishapelekwa Dar es Salaam, na huko wameshatupongeza."

Felisian akarudi kuomba mashahidi. Majirani waliokuwa wameshika majembe kuzika, wote wakawa na kikohozi. Mmoja alimwambia wazi, "Mimi nina watoto, Felisian."

Bhoke akamwambia, "Asiyekuwepo na lake halipo. Kamlete mwenyewe."

Kwa hiyo Felisian alikwenda kwenye mahame yao, akasimama kando ya zizi lililoota magugu, akamwita baba yake kwa heshima, akamweleza shida. Mzee Ryoba akatoka kaburini, akakung'uta udongo magotini, akauliza kama mtoto ni wa kiume. Wakaongozana hadi Bunda, wakapanda basi la Musoma. Kondakta alimtaka mzee akae dirishani kwa sababu alinuka moshi, na abiria wakaendelea na habari zao za bei ya pamba.

Bernado aliwakaribisha vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye uliyekufa?"

"Ndiye mimi."

Alionyesha nywele zilizoungua na kichwa kilivyobonyea. Bernado akaangalia, akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli. Kisha akaeleza kwamba mtu haripoti kifo chake mwenyewe. Anaripotiwa na wenziwe.

"Wenzangu wanaogopa," alisema Ryoba.

"Hilo siwezi kuliandika. Kwanza, mzee, kwa sasa unakaa wapi?"

"Kulekule kwangu."

"Kwenye mahame? Nje ya kijiji?"

Loo! Wakaangaliana, baba na mwana. Nyakati zile hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kufa. Bernado alisema hatawashtaki, maana anawaheshimu wazee, ila mzee ahamie kijijini leo hii. Akamwandikia Kwangu ampe kiwanja.

Ndivyo Mzee Ryoba alivyokuwa mwanakijiji. Alipewa kiwanja mkabala na kwa mwanawe, akapewa jembe. Nyumbani kwa Felisian hakuingia, kwa sababu mkwewe Penina yumo, na kufa hakumwondolei mtu adabu. Jioni alikaa nje. Bhoke alimpelekea mtoto, na kwenye kifua kile baridi mtoto alinyamaza, akamwangalia babu yake machoni. Akirudishwa ndani, analia.

"Nimpe tu jina, baba?" Felisian aliuliza.

"Utampaje, na mwenyewe niko kwenye orodha ya kulima?"

Shamba la kijiji alilima kuliko wote. Wafu hawachoki wala hawasemi wanaumwa. Kwangu akamsifu mkutanoni, akasema vijana waige. Mtoto alikuwa amebaki macho na mbavu. Penina alimkamulia maziwa mdomoni, nusu yakamwagika.

Mwisho wa mavuno alikuja kiongozi kutoka Musoma. Watu wakapangwa uwanjani. Alipita akishika mikono, akafika kwa Ryoba.

"Mzee, mikono yako ya baridi! Unaendeleaje na maisha mapya?"

"Nimekufa, mwanangu," alisema Ryoba. "Naomba mniandike. Mjukuu wangu anakwisha."

Kiongozi aliinamisha kichwa, akamsikiliza mpaka mwisho. "Tunalishughulikia, mzee wangu," alisema, akampigapiga begani, akahamia kwa aliyefuata.

Akapanda jukwaani. Alisema pamba ni nyingi, shule itajengwa, na kwamba watu wote hawa walihamishwa kwa usalama, bila kupotea hata roho moja. Akaomba wapigiwe makofi vijana wa Operesheni.

Makofi yakaanza mbele. Kwangu akageuka, akawa anapitisha macho mstari kwa mstari, kutafuta asiyepiga. Yalipomfikia Ryoba, mzee alimtazama mwanawe, akamtazama mjukuu anayelia mgongoni kwa Penina. Kisha akainua mikono yake, akapiga.

Felisian naye akapiga.