Wake za Watu Hawatakiwi

Leokadia alishika ukingo wa sinki la choo cha wanawake kiwandani, akatoa pumzi yote iliyokuwamo kifuani, na Stefka, mshonaji mwenzake aliyesimama nyuma yake, akavuta. Kilikuwa kipande cha turubai, masalio ya paa za magari, kigumu kama ubao. Kilimzunguka tumbo mara tatu.

"Bado," alisema Leokadia.

"Bado nini? Nikivuta tena, mtoto utamtapika."

"Vuta, shoga. Dakika zinakwisha."

Stefka alikaza meno, akavuta, akafunga fundo mgongoni. Nje msimamizi aligonga mlango kwa saa yake. Ruhusa ya choo ilikuwa dakika tatu, mara mbili kwa siku. Anayezidisha hurudishwa kwao.

Mimba ilikuwa ya miezi saba. Ghorofa ya tatu cherehani zilinguruma safu sita, na wanawake walishona ngozi za viti vya magari. Singa za mikia ya farasi zilizojazwa ndani ya viti hivyo zilipaa hewani, zikaingia puani, machoni, hata kwenye mkate wa mchana. Kila Leokadia alipoinama kugeuza ngozi, turubai lilimkata mbavu. Mtoto alipiga teke kwa ndani, kama mtu aliyefungiwa chumbani anayegonga ukuta.

Hapo kiwandani aliandikwa Leokadia Wrona, msichana asiyeolewa. Wrona lilikuwa jina la baba yake. Kanuni ilijulikana mtaa mzima wa Wapolandi pale Detroit: mwanamke mwenye mume hana kazi, ila mume awe kilema. Na mume wa Leokadia, Zygmunt Dudek, alikuwa ameangukiwa na kipande cha injini nyongani, ndani ya kiwanda hikihiki, miezi kumi na minne iliyopita. Daktari wa kiwanda alimtazama kwa muda wa kuvuta nusu sigara, akaandika: *anafaa kwa kazi nyepesi*. Kazi nyepesi haikuwapo. Kila mara Zygmunt alipojikokota na magongo yake hadi langoni aliambiwa arudi wiki ijayo. Hakuwa mzima wa kuajiriwa, wala hakuwa kilema wa kutosha mkewe aajiriwe. Ndipo Leokadia alipokwenda kujiandikisha kwa jina la baba yake.

Jumamosi moja alasiri, alipokuwa nyumbani amefungua turubai tumboni, anakoroga supu ya kabichi na Zygmunt amelala kitandani, mlango uligongwa. Alikuwa Bwana Haskell wa Ofisi ya Maisha Mema, ofisi ya kiwanda iliyozunguka kupeleleza wafanyakazi wanaishije. Alikuwa na mkalimani wake, Bi Grabska, mke wa muuza dawa. Bi Grabska alikuwa amekula na kucheza kwenye harusi ya Leokadia.

Leokadia alijitupia shali, akakaa nyuma ya meza.

Bwana Haskell alivua kofia. Alipitisha kidole juu ya rafu, akakitazama. Akainama kuchungulia uvunguni.

"Sakafu safi," alisema, na Bi Grabska akatafsiri. "Anakusifu, binti."

"Mwambie ahsante."

"Huyu mwanamume kitandani ni nani?"

"Kaka yangu."

Bi Grabska alimtazama Leokadia kidogo tu. "Kaka yake," alimwambia Bwana Haskell, bila kupepesa jicho.

"Vitanda viko vingapi?"

Chumba kilikuwa kimoja, na kitanda kimoja tu. Bwana Haskell aliandika.

"Mwambie asimame."

"Nina jiko la kuangalia," alisema Leokadia.

"Simama, mwanangu," alisema Bi Grabska kwa sauti ya chini. "Ameshaona."

Alisimama. Shali halikuficha kitu.

"Hiyo mimba ni ya nani?"

"Yangu!" Zygmunt alikuwa ameshika ubao wa kitanda, anajivuta. "Ni mke wangu wa kanisani. Cheti kipo! Mwambie, Bi Grabska, ulikuwepo, ulikula bata wangu!" Nyonga iligoma, akaanguka chali akihema.

Bwana Haskell alingoja kelele ziishe.

"Kumbe una mume," alisema.

"Mume wangu hawezi kusimama, bwana. Umemwona sasa hivi."

"Daktari anasema anaweza."

"Mtazame kwa macho yako!"

"Mimi sikuletwa kutazama nyonga, mama. Nimeletwa kutazama nyumba." Hakuwa na hasira, alisema kama anayemweleza mtoto kwa nini usiku ni giza. "Yuko msichana yatima nje anayeitaka nafasi yako. Tumnyime tumpe mwenye mume?"

"Basi niandike sina mume. Niandike msichana, kama nilivyokuwa."

"Msichana mwenye tumbo?" Safari hii alicheka kidogo. "Huyo tunamfukuza saa ileile. Kiwanda chetu ni cha watu wenye heshima."

Supu ilifurika, ikachuruzika motoni. Leokadia hakuigusa.

"Muulize," alimwambia Bi Grabska. "Muulize aniandike nani, nipate kula."

Bi Grabska alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja.

"Hilo siwezi kumwambia, mwanangu. Na mimi nina kazi."

Jumatatu asubuhi msimamizi alimwambia Leokadia amfundishe atakayeshika cherehani yake, aondoke adhuhuri. Akigoma, malipo ya wiki iliyopita asahau. Aliletewa binti wa miaka kumi na tisa hivi, Apolonia, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala.

"Usikanyage pedali kwa hasira," Leokadia alimfundisha. "Ngozi ikikuvuta, iachie. Funga leso puani. Hapa kwenye kona, geuza taratibu, sindano hii haijui kidole wala ngozi."

Apolonia alishona kiti cha kwanza, akashona cha pili. Kwenye cha tatu Leokadia aliona blauzi ya binti imelowa kifuani, madoa mawili ya mviringo yanayotanuka.

"Ana umri gani?" aliuliza bila kugeuza kichwa.

Apolonia aliacha kushona. "Nani? Mimi sijaolewa."

"Nimekuuliza mtoto."

"Wiki tano," binti alinong'ona. "Dada, tafadhali."

Msimamizi alikuwa safu ya pili, anakuja. Leokadia alinyofoa pamba kwenye sanduku la kujazia migongo ya viti, akamsukumia chini ya meza. "Weka ndani. Nyingine uitie mfukoni. Shona!"

King'ora cha adhuhuri kilipolia, aliteremka ngazi peke yake. Nje theluji ilikuwa imegeuka tope. Langoni wanawake wapatao mia waliotafuta kazi walikuwa wamepanga mstari ukutani, na karani aliyevaa glavu alipita mbele yao. Kipolandi alijua neno moja tu.

"Mume?"

"Sina."

"Mume?"

"Sina."

"Mume?"

"Sina, bwana."

Leokadia alivuta koti lake. Halikufika kufunga. Alilishikilia mbele kwa mikono yote miwili, akaenda kusimama mwisho wa mstari.